Neno Kubwa na Mtu Mdogo: Dhima ya Riwaya ya Kiswahili katika Jamii ya Leo

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapoulizwa riwaya ina dhima gani katika jamii, jibu huwa tayari mdomoni: riwaya huelimisha, huburudisha, huonya, huhifadhi utamaduni na hukuza lugha. Jibu hilo si kosa. Kila kipengele chake kinaweza kuthibitishwa kwa mifano, na mtahini hana sababu ya kulinyima alama. Tatizo lake ni kwamba haliitofautishi riwaya na kitu chochote. Methali huelimisha. Ngoma huburudisha. Utenzi huonya na huhifadhi historia, na umefanya hivyo katika pwani ya Afrika Mashariki kwa karne kadhaa kabla ya riwaya ya kwanza ya Kiswahili kuandikwa. Iwapo kazi ya riwaya ni hiyo tu, basi Waswahili hawakuihitaji. Walikuwa na vyombo vya kutosha, tena vilivyozoeleka na kupendwa.

Mhadhara huu unakusudia kuliuliza swali hilo kwa namna nyembamba zaidi: ni kazi gani ambayo riwaya huifanya, na ambayo tanzu nyingine haziifanyi kwa ukamilifu uleule? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jamii ya kisasa huendeshwa kwa maneno makubwa: ustaarabu, uhuru, maendeleo, ujamaa, mapinduzi, uwekezaji. Maneno hayo hutamkwa majukwaani kwa niaba ya watu wote. Riwaya hulichukua neno la aina hiyo na kulifuata hadi ndani ya maisha ya mtu mmoja, siku baada ya siku, mpaka gharama yake ionekane. Kisha humwachia msomaji kazi ya kuhukumu.

Hoja hiyo itapimwa kwa kuangalia kwanza maumbile ya utanzu wenyewe, kisha baadhi ya riwaya za Kiswahili zilizoandikwa kati ya miaka ya 1930 na miaka ya 2000, na mwishowe namna riwaya inavyosomwa darasani.

2.0 Maumbile ya riwaya

Ngano huanza "hapo zamani za kale". Mhusika wake ni Sungura, mfalme, mama wa kambo au maskini mmoja asiyetajwa jina. Hana tarehe ya kuzaliwa wala deni dukani. Upungufu huo, kama ni upungufu, ndio unaoiwezesha ngano kusafiri kutoka kizazi hadi kizazi. Utendi nao una shujaa mwenye jina, kama Fumo Liyongo, lakini shujaa huyo hubeba mabegani jamii nzima. Ushindi wake ni wa wote, na kifo chake ni msiba wa wote.

Mhusika wa riwaya ni kiumbe wa namna nyingine. Ana jina la kawaida, nyumba ya kawaida, jirani mwenye kinyongo na kazi anayoichukia. Anaweza kuwa mwoga asubuhi na jasiri jioni. Ian Watt, katika uchunguzi wake wa mwaka 1957 kuhusu chimbuko la riwaya ya Kiingereza, aliuhusisha utanzu huu na jamii iliyoanza kuyapa uzito maisha ya mtu mmoja mmoja, pamoja na wakati na mahali mahususi anapoishi. Mikhail Bakhtin, kwa upande wake, aliiona riwaya kuwa utanzu wa sauti nyingi, ambamo lugha ya mtawala, ya mtumishi, ya kasisi na ya mlevi hukutana na kusemezana pasipo mojawapo kuzinyamazisha nyingine. Maelezo hayo yalitokana na fasihi za Ulaya, na hayana budi kutumiwa kwa tahadhari. Riwaya ya Kiswahili ina mizizi katika hekaya, ngano na tendi, na wasomaji wake wametoka katika jamii ambazo mtu hakuwahi kufikiriwa kuwa kisiwa. Hata hivyo, sifa hizo mbili, yaani mtu mahususi na sauti nyingi, zinaonekana wazi katika riwaya za Kiswahili pia.

Sifa ya tatu ni namna ya kupokelewa. Ngano na utendi, katika mazingira yao ya asili, hupokelewa na hadhira iliyokusanyika. Watu waliokaa pamoja hucheka pamoja na kulaani pamoja. Msomaji wa riwaya hukaa peke yake kwa saa nyingi. Anaweza kuurudia ukurasa, kumkatalia msimulizi, au kumhurumia mtu ambaye barazani asingethubutu kumtetea.

Methali ya Kiswahili husema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ni methali yenye ukweli mchungu, maana maumivu ya mtu hayahamishiki. Riwaya ni jaribio la kuipunguza makali methali hiyo. Humlaza msomaji mahali pa mwingine kwa muda, kisha humwinua akiwa na ujuzi ambao hakuweza kuupata kwa kuambiwa tu.

3.0 Neno la mtawala na kesi ya Karama

Nathari ndefu ya kubuni katika Kiswahili sanifu ilianza chini ya uangalizi wa mkoloni. Tafsiri kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, iliyotoka mwaka 1929, zilitangulia. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, ikashughulikia usanifishaji wa lugha pamoja na uteuzi wa vitabu vya kusomwa. Katika mazingira hayo kilichapishwa, mwaka 1934, kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa. Mwandishi alitoka katika jamii ya watumwa walioachwa huru na kuwekwa Freretown, Mombasa.

Wahakiki wamebishana kama kitabu hicho ni riwaya, historia au kumbukumbu za ukoo. Kwa madhumuni ya mhadhara huu, jambo muhimu ni uhusiano wake na neno kubwa la wakati ule. Uhuru, katika kitabu hicho, ni zawadi ya Mwingereza. Mateso ya watumwa yanasimuliwa kwa kina, bali mkombozi hahojiwi. Neno "uhuru" linapita katika maisha ya watu likatoka salama, bila mkwaruzo, katika koloni ambalo wenyeji wake hawakuwa na uhuru wa kujitawala. Hapa riwaya, au kitu kinachokaribia kuwa riwaya, imelitumikia neno badala ya kulipima.

Shaaban Robert alichukua njia nyingine. Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, bado iko karibu sana na hekaya: nchi yake inaelea angani na majina ya wahusika wake ni majina ya sifa. Hata hivyo, kiini chake ni kesi mahakamani. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, na anapewa nafasi ya kujitetea. Utetezi wake ni visa vya wajumbe waliotumwa nje ya nchi kutafuta mambo mema, wakarudi nayo, na malipo yao yakawa adhabu. Karama hatoi hotuba juu ya haki kwa jumla. Anahesabu watu, mmoja baada ya mwingine, na kuonesha kila mmoja alitendwa nini. Serikali ina neno "sheria". Karama ana orodha ya walioumizwa na sheria hiyo. Msomaji wa Tanganyika chini ya utawala wa Waingereza hakuhitaji ramani ili kujua Kusadikika iko wapi. Katika kesi hiyo, hata kabla ya uhalisia kukomaa katika riwaya ya Kiswahili, dhima inayozungumzwa hapa ilikwisha kuonekana.

4.0 Heshima na gharama yake

Euphrase Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971, neno alilolishika halikuwa la kisiasa. Lilikuwa neno la nyumbani: heshima, pamoja na jamaa zake malezi na elimu. Rosa ni binti wa Ukerewe, mtoto wa Regina na Zakaria. Baba yake ni mlevi anayeilinda heshima ya binti kwa fimbo. Barua moja ya kijana aitwaye Charles inatosha kumletea Rosa kipigo na fedheha. Anajifunza kumwogopa mwanamume, lakini hakuna anayemfundisha kumfahamu. Anapokwenda kusoma mbali na nyumbani, woga huo hauna silaha yoyote ya kumpa. Anaangukia mikononi mwa wanaume wenye vyeo, wakiwamo watu waliopewa dhamana ya kuwalea wanafunzi. Hatimaye jamii iliyomfikisha hapo inamdai usafi ambao yenyewe imeupora, na Rosa anajitoa uhai.

Ushairi wa pwani ulikuwa na hazina kubwa ya nasaha kwa mabinti tangu karne ya 19. Nasaha husema binti afanye nini. Haina nafasi ya kueleza inakuwaje nasaha ileile, ikitiwa mikononi mwa baba wa aina fulani, imwangamize binti iliyekusudia kumlinda. Ili kulieleza hilo zinahitajika kurasa nyingi, maana maangamizi hayo hayatokei kwa tukio moja. Yanatokea kwa mfuatano wa mambo madogo: ulevi wa jioni, barua iliyosomwa na asiyeandikiwa, safari, upweke, zawadi. Mfuatano huo ndio msuko wa riwaya, na ndiyo hoja yake vilevile.

Kitabu hicho kiliwatisha walezi wa maadili, na kwa muda kilizuiwa shuleni nchini Tanzania. Baadaye kilikubaliwa, kikasomwa na kuhakikiwa na vizazi vya wanafunzi. Waliokizuia walikiona kuwa kinafundisha uasherati. Kosa lao ni kukisoma kana kwamba kila tendo la mhusika ni nasaha ya mwandishi. Lakini hofu yao ilikuwa na jambo ndani yake. Walitambua kwamba kitabu kimemwonesha binti aliyepotoka na kimekataa kumlaani, na kwamba aibu imeanza kuhama kutoka kwa Rosa kuelekea kwa waliomzunguka.

Njia hiyo ilifuatwa na Said Ahmed Mohamed katika Utengano (1980). Bwana Maksuudi anamfungia binti yake Maimuna ndani ya nyumba kwa jina la heshima, ilhali heshima yake mwenyewe nje ya nyumba ni vazi la kisiasa. Maimuna anatoroka na kuangukia dunia asiyoijua. Riwaya hizi mbili, moja ya visiwa vya Ziwa Viktoria na moja ya Zanzibar, moja ya familia ya Kikatoliki na moja ya familia ya Kiislamu, zinafika mahali pamoja kwa njia tofauti.

5.0 Ujamaa, ngonjera na riwaya

Mfano ulio wazi kuliko yote unatokana na siasa ya ujamaa. Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, washairi wa Tanzania waliitikia wito wa kulieneza kwa mashairi na ngonjera. Ngonjera, iliyopewa umaarufu na Mathias Mnyampala, ina muundo wa majibizano. Mmoja hajui au anatia shaka, mwingine anajua. Wanajibizana ubeti kwa ubeti hadi mwenye shaka akubali, na mwisho wote wanakuwa kauli moja. Muundo huo ulifaa sana kwa kazi ya kueneza siasa. Hapana sababu ya kuudharau, kwani ulifika katika shule na mikutano ambako kitabu hakikufika.

Lakini shaka ya mwananchi halisi haikuisha kwa beti kumi. Kuanzia mwaka 1973 kuishi katika vijiji vya ujamaa kulifanywa kuwa amri, na mamilioni ya watu wakahamishwa katika Operesheni Vijiji. Wapo waliohama kwa matumaini na wapo waliohama kwa kushurutishwa, mara nyingine ndani ya nyumba moja. Ziliandikwa pia riwaya zilizoelekea kuiunga mkono siasa hiyo. Zilizodumu zaidi katika mijadala ya wahakiki, hata hivyo, ni zile zilizomsikiliza mwenye shaka mpaka mwisho.

Dunia Uwanja wa Fujo ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1975, inamfuata Tumaini tangu ujana wake wa ovyo hadi anapotulia na kuwa mkulima tajiri. Ujamaa unapomfikia, mali aliyoichuma inaonekana kuwa unyonyaji. Tumaini anamuua kiongozi wa serikali, na yeye mwenyewe anahukumiwa kifo. Wahakiki wengi wameihusisha hatima hiyo na tukio la kweli la tarehe 25 Desemba 1971, ambapo Dkt. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa na mkulima mkubwa wa Isimani.

Uzito wa riwaya hiyo uko katika ukweli kwamba Tumaini si shujaa. Amewatumia watu na amewaumiza. Msomaji anayetafuta kisa cha mkulima mwema aliyeonewa na dola hatakipata, na anayetafuta kisa cha bepari aliyepata haki yake hatakipata pia. Ameishi na Tumaini kwa muda mrefu mno kiasi cha kutoweza kukishangilia kifo chake, na amemjua vizuri mno kiasi cha kutoweza kumwita shahidi. Gazeti la wakati ule lilikuwa na nafasi ya habari: nani kaua, nani kauawa, hukumu ni ipi. Hotuba ilikuwa na nafasi ya fundisho. Nafasi ya kubaki kati ya huruma na lawama, bila kukimbilia upande mmoja, ilipatikana katika riwaya.

Miaka minne baadaye, katika Gamba la Nyoka (1979), Kezilahabi alilirudia neno hilohilo kutoka upande mwingine. Safari hii wamo vijana wasomi, Mamboleo na Mambosasa, ambao nadharia ya ujamaa waliyoijua chuoni inakutana na kijiji chenye wazee, hofu, ukaidi na akili zake. Ni rahisi kumcheka mwanakijiji asiyetaka kuhama. Riwaya humlazimisha msomaji msomi kuwacheka kwanza wasomi wenzake, na ndani ya kicheko hicho kujiuliza ni nani hasa anayetakiwa kujivua gamba.

Riwaya hizo hazikuusimamisha ujamaa, wala haielekei kwamba ziliandikwa kwa kusudi hilo. Zilichofanya ni kuhifadhi ubishi ambao majukwaa hayakuwa na subira ya kuusikiliza. Mtafiti wa leo anayetaka kujua viwango vya uzalishaji wa miaka ile ataviona katika ripoti. Akitaka kujua namna neno "ujamaa" lilivyosikika masikioni mwa mtu aliyeambiwa abomoe nyumba yake, itambidi asome riwaya.

6.0 Kutoka Mapinduzi hadi "haini"

Katika fasihi ya Zanzibar, mwandishi mmoja, Adam Shafi Adam, anatoa fursa adimu ya kuona neno moja likipimwa mara mbili na mkono uleule.

Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) inasimulia maisha ya tabaka la mamwinyi na la wakwezi, wakulima na watumishi waliowahudumia, mpaka Mapinduzi ya Januari 1964. Ni riwaya inayoyapokea Mapinduzi kwa matumaini, na dhuluma ya Fuad imechorwa pasipo kificho. Lakini hata humo kuna mtu asiyeingia katika wimbo wa ushindi kwa wepesi: Kijakazi, mtumishi wa Fuad, ambaye utiifu kwa bwana wake umemwingia mpaka mifupani. Dola inaweza kupinduliwa kwa usiku mmoja. Kijakazi hapinduliwi kwa usiku mmoja. Kwa kumweka mwanamke huyo katikati ya riwaya, mwandishi alionesha kwamba uhuru ni kitu kinachojifunzwa polepole, tena kwa maumivu, na mtu aliyekatazwa kujiona kuwa mtu.

Miaka 25 baadaye, katika Haini (2003), neno linalopimwa ni lile ambalo dola iliyozaliwa na Mapinduzi iliwabandika watu. Hamza anakamatwa baada ya kiongozi wa nchi kuuawa, anafungwa na anateswa. Mandhari ya kihistoria ni mauaji ya Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972 na kamatakamata iliyofuata, ambayo mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioathirika nayo kwa kuwekwa kizuizini. "Haini" ni neno lenye haraka. Likishatamkwa, aliyetajwa hana tena mke, watoto, kiu wala usingizi. Ana kosa tu. Riwaya inamrudishia vitu hivyo kimoja kimoja. Chumba cha gereza, njaa, mlio wa kufuli, mke anayesubiri asijue anasubiri nini: hayo yanaposomwa kwa kurasa nyingi, neno lililokuwa kubwa huanza kusinyaa, na mtu aliyekuwa mdogo huanza kuonekana kwa ukubwa wake wa kweli.

Mwandishi hakuhitaji kuyakana aliyoyaandika mwaka 1978 ili kuyaandika ya mwaka 2003. Msomaji anaweza kuziweka riwaya zote mbili mezani, akakubali kwamba dhuluma ya Mwinyi Fuad ilikuwa ya kweli na kwamba mateso ya Hamza nayo yalikuwa ya kweli. Katika mijadala ya kisiasa kuhusu Zanzibar, kukubali yote mawili kwa pamoja kumekuwa jambo gumu.

7.0 Soko huria na maneno mengine mapya

Miaka ya 1990 ilileta msamiati mpya: ubinafsishaji, soko huria, uwekezaji, utandawazi. Seithy Chachage alikuwa mwanasosholojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 2006. Alikuwa na nyenzo zote za kitaaluma za kuyaeleza mabadiliko hayo, na aliyaandikia makala za kitaalamu. Hata hivyo aliandika pia riwaya, Makuadi wa Soko Huria (2002), ambayo sehemu yake kubwa inahusu Delta ya Rufiji, ambako katika miaka ya 1990 kulipendekezwa mradi mkubwa wa ufugaji wa kamba uliozua ubishi mkali.

Inafaa kuuliza kwa nini mwanasayansi ya jamii aende kwenye riwaya. Sehemu ya jibu imo katika jina la kitabu. "Soko huria" ni istilahi safi ya semina. "Makuadi" ni neno la mtaani, neno la watu wanaojua nani analeta nani kwa nani na analipwa kiasi gani. Ripoti ya kitaalamu hulazimika kuzungumza kwa lugha ya aina moja. Riwaya inaruhusiwa kuyaweka maneno hayo mawili bega kwa bega, na mgongano wake ukawa hoja kabla ya hoja yenyewe kuanza. Ndani ya riwaya hiyo msomaji hukutana pia na historia ndefu ya delta na watu wake, hivi kwamba mahali palipokuwa eneo la mradi kwenye karatasi hurejea kuwa makazi.

Nchini Kenya, Ken Walibora alilichukua neno "taifa". Kufa Kuzikana (2003) iliandikwa baada ya mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990. Inaupima umoja wa kitaifa kwa urafiki wa vijana wawili waliozaliwa katika jamii hasimu. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwafanya wengi wakirudie kitabu hicho kwa jicho jingine. Haifai kumwita mwandishi mtabiri. Alichokuwa nacho ni utanzu uliomlazimisha kuuliza: neno hili "umoja" lina maana gani kwa kijana huyu, usiku huu, akiwa mlangoni mwa rafiki yake?

Waandishi wengine waliona kwamba utandawazi hauonekani kwa macho ya uhalisia wa kawaida. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) zinatumia mizimu, safari za ajabu na ndoto. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi zilikwisha kuitengeneza njia hiyo. Riwaya hizo hudaiwa kuwa ngumu, na madai hayo yana ukweli. Ila ugumu wake hauziondoi katika dhima inayozungumzwa hapa. Nguvu inayomwongoza mtu ikiwa haionekani, mwandishi analazimika kubuni namna ya kuifanya ionekane.

8.0 Riwaya darasani na mikononi mwa msomaji

Wasomaji wengi wa riwaya ya Kiswahili hukutana nayo kwa mara ya kwanza, na pengine ya mwisho, kama kitabu teule cha mtihani. Shule imeisaidia sana riwaya kuishi. Bila soko la shule, wachapishaji wachache wangethubutu kuitoa. Lakini shule hiyohiyo imezaa desturi ya kuisoma riwaya kwa kuigeuza orodha: dhamira tano, wahusika na sifa zao, mbinu za kisanaa, ujumbe. Miongozo inauzwa kando ya vitabu, na wapo wanafunzi wanaofaulu bila kukifungua kitabu chenyewe.

Hasara ya desturi hiyo ni kubwa kuliko uvivu wa kusoma. Ikiwa yaliyoelezwa hapo juu yana ukweli, basi orodha hufuta kilekile ambacho riwaya imekifanya. Rosa akigeuzwa kuwa "dhamira ya malezi mabaya" na Tumaini akigeuzwa kuwa "dhamira ya ubinafsi", mtu mdogo amerudishwa ndani ya neno kubwa ambamo mwandishi alitumia kitabu kizima kumtoa. Mwanafunzi amezoezwa kufanya yale yaliyofanywa na waliomwita Hamza haini: kumtaja mtu kwa neno moja na kufunga faili.

Yapo maswali ambayo mwalimu anaweza kuyauliza badala ya hayo, au hata pamoja na hayo. Ni neno gani la wakati wake ambalo riwaya hii imelifuata? Nani analitamka, na nani analilipia? Ni mhusika gani anayebishana na msimulizi, na je, anashindwa kweli? Ni wapi msomaji alimhukumu mhusika, na ni ukurasa gani uliomfanya aibadili hukumu yake? Maswali hayo hayana jibu moja, na kwa hiyo hayapendwi na mtihani. Lakini ni maswali ambayo raia atakutana nayo nje ya darasa, kila atakapoambiwa kwamba mtu fulani ni adui, au kwamba kijiji fulani ni kikwazo cha maendeleo.

Hudaiwa pia kwamba zama za riwaya zimepita, kwa kuwa simu na filamu zimechukua muda wa msomaji. Dai hilo halipaswi kupuuzwa, ila ushahidi wake hauelekei upande mmoja. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, ilifanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, na filamu hiyo iliwafikisha Yasmin na Denge kwa watu ambao hawakuwahi kuwasikia. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa nchini Tanzania mwaka 2023. Miswada inaandikwa. Kinachohitaji ulinzi zaidi ni ule usomaji wa polepole, maana taarifa za simuni huja zikiwa na hukumu tayari, nazo huenea kwa kasi kuliko jukwaa lolote la zamani.

9.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonesha kwamba dhima mahususi ya riwaya katika jamii ya kisasa ni kuyapima maneno makubwa kwa maisha ya watu mahususi, na kumzoeza msomaji kuhukumu kwa kuchelewa. Elimu, burudani na hifadhi ya utamaduni huandamana na kazi hiyo, ila haziwezi kushika nafasi yake. Mifano iliyotolewa, kuanzia kesi ya Karama hadi kizuizi cha Hamza, inaonesha kwamba riwaya ya Kiswahili imeifanya kazi hiyo chini ya mkoloni, chini ya chama kimoja na chini ya soko huria, mara nyingine kwa gharama kwa waandishi wenyewe.

Kila kizazi huletewa maneno yake. Ya leo yamekwisha kutamkwa, na mengi yana nia njema kama yalivyokuwa ya jana. Mahali fulani katika kitongoji kisichoandikwa magazetini yupo mtu anayeyalipia. Adhabu yake aijuaye ni yeye, hadi atakapotokea mwandishi wa kumsimulia na msomaji mwenye subira ya kukaa naye mpaka ukurasa wa mwisho.